Usiketi, Usinywe Chai

Tarehe 14 Februari

Fundi mwanangu,

Marahaba, maana najua shikamoo umeshanipa kabla hata ya kuchana bahasha, ndivyo ulivyolelewa. Mimi sijambo. Pasi inaniunguza, nami naiunguza, hatudaiani. Mkeo mzima? Na mjukuu wangu ameota yale meno ya mbele, au bado anacheka kama mlango uliosahauliwa wazi?

Sasa weka spana chini unisikilize. Huu ni mwaka wa ishirini na sita nasimama kwenye chumba cha pasi cha hospitali hii, nanyoosha shuka za watu nisiowajua. Chumba ninacholala ni cha kazi, ghorofa ya tatu, na siku kazi ikiisha na chumba kimeisha. Nataka nyumba yangu huko kwenu. Iwe ndogo tu: vyumba viwili, jiko, choo cha ndani, na ua wa kuanikia nguo. Isiwe na ngazi. Hata moja. Ukienda kuitazama, kabla hujatazama paa tazama miguu yako.

Pesa ipo benki, kiasi unakijua, na haitazaa. Nimekutuma wewe kwa sababu kazi yako ya mabomba imekufundisha kuona panapovuja, hakuna wa kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Lakini kupatana bei hujui, wewe na marehemu baba yako mlizaliwa na moyo wa mkate. Kwa hiyo shika maneno yangu. Muuzaji akikupa kiti, usiketi. Akileta chai, usinywe; ukishakunywa chai ya mtu utamkatalia kwa mdomo gani? Usisifu kitu chochote, hata dirisha. Hata ukichoka vipi, asikuone umechoka. Na kubwa kuliko yote, usimwambie nani ananunua wala ana shida gani. Muuzaji akiijua shida yako anaijumlisha kwenye bei.

Usinipigie simu ya ofisini. Ile ni ya misiba tu, ikilia chumba kizima tunashika vifua. Andika.

Shangazi yako, aliyekufuta kamasi.


Tarehe 3 Machi

Shangazi,

Shikamoo tena, hata kama ya kwanza uliichukua mwenyewe. Sisi wazima. Mjukuu wako ameota jino moja na analionyesha kwa kila mtu, hadi kwa mwenye duka. Mke wangu anakusalimu, anasema usile kwa kusimama.

Nimetazama nyumba mbili za maana. Ya kwanza ni ya mwenye bucha, huku nyuma ya shule. Imara, bati jipya, ua mpana, na bei yake inaingia kwenye pesa yako vizuri tu. Ila ina ngazi tatu mlangoni. Nimeiacha kama ulivyosema, ingawa kwa kweli, shangazi, ngazi tatu si mlima. Una ugomvi gani na ngazi?

Ya pili ni ya mama mmoja mjane, mwalimu wa hesabu mstaafu. Mtaa mzima wanamwita Mwalimu, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Anaishi peke yake. Watoto wake wawili wako mbali na ndio walioandika "Nyumba Inauzwa" ukutani, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za kutangaza kipindupindu. Shangazi, hii nyumba ni yako. Unaingia tambarare, kutoka barabarani hadi jikoni hakuna pa kujikwaa. Sikuisifu! Nilikunja uso kama niliyelamba ndimu.

Bei yake iko juu ya uwezo wako, lakini nyumba ina kasoro. Koki ya jikoni inadondosha, tangi la choo halinyamazi, na ukuta wa bafu una unyevu, maana yake kuna bomba linavuja ndani. Nimetaja koki peke yake akapunguza. Jumamosi nitataja tangi. Nitaishusha bei kama maji, taratibu hadi ifike chini.

Mimi Fundi wako.


Tarehe 29 Machi

Fundi,

Nimefurahi hadi nikaunguza foronya. Umefanya vizuri. Taja kasoro mojamoja, usizimwage zote kwa pamoja. Muuzaji ni kama shuka ya pamba, ukiibana na pasi kwa pupa inakunjamana pale pale.

Huku wameleta mashine kubwa ya kunyooshea, inameza shuka upande huu inatemea upande ule. Tunasimama kuitazama kama watu waliokuja kumuona mke mwenza. Msimamizi anasema haitamwondoa mtu kazini. Kasema mara mbili bila kuulizwa.

Nakuandikia kwenye ile meza yangu ya chuma iliyopigiliwa ukutani, ndiyo maana mwandiko umenyooka. Nimepanda kutoka kazini nikapumzika kila ghorofa, si kwa sababu yoyote, napenda tu kutazama nje.

Umeuliza kuhusu ngazi. Ngazi ni ngazi. Mwenye bucha mwache na ngazi zake, komaa na huyo Mwalimu.

Shangazi.


Tarehe 2 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zilinizidi. Mjukuu wako sasa ana meno mawili na kashamng'ata mwenziwe. Mke wangu mzima, ila analalamika kidogo kwamba Jumamosi sionekani. Mvua huku ni za kuridhisha.

Kuhusu nyumba, mambo yanakwenda. Mwalimu ni mgumu kidogo lakini mtu mwenye utu. Bei imesogea. Sitaki uwe na wasiwasi, haraka haraka haina baraka. Kama kazi yako bado ipo, tuna muda.

Ungependa jiko la rangi gani?

Fundi.


Tarehe 24 Mei

Wewe Fundi wewe,

Marahaba, na leo nimeitoa kwa shingo upande.

"Bei imesogea." Imesogea kwenda wapi? Kitu kikisogea kinakwenda upande, na hukuutaja. Na mtu mwenye utu ndiye nani? Nilikutuma ukapatane bei, sikukutuma ukamchumbie. Rangi ya jiko! Mtu anayeulizwa rangi ya jiko amekwisha kuibiwa.

Sikia. Kuna karatasi imebandikwa kwenye ukuta wa chumba cha pasi, majina ya watakaopumzishwa kwa ajili ya ile mashine. Wenzangu wameisoma. Mimi sijaisoma, miwani yangu imefungiwa kabatini na ufunguo sijui nimeuweka wapi. Kwa hiyo usiniambie tuna muda, wala usiniambie hatuna. Niambie bei iko wapi.

Na usinifiche. Nilikuogesha mimi, najua unavyoinamisha kichwa ukisema uongo, hata kwa kalamu.

Shangazi.


Tarehe 20 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Kaa chini kwanza.

Bei imepanda. Imepita ile ya siku ya kwanza. Na aliyeipandisha ni mimi.

Nitakueleza ilivyokuwa. Siku ile nilipotaja koki ya jikoni, akapunguza, nikabeba begi langu niondoke. Lakini ile koki ilikuwa inadondosha, shangazi. Tone, kimya, tone. Wewe unaweza kuipita shuka iliyokunjamana? Nilikuwa na washa mfukoni, kile kipira cha kuzibia koki. Nikabadilisha, kufumba na kufumbua, nikaondoka. Jumamosi iliyofuata nikataja tangi la choo, akapunguza, nikainua kifuniko nikaona boya limekwama kidogo tu. Nikalikwamua. Ya tatu nikataja ukuta wa bafu. Hapo akapunguza sana, tukafika karibu kabisa na pesa yako. Ilikuwa nimpe mkono. Nikamwambia ngoja nitazame tu hilo bomba linavujia wapi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bomba la ukutani hutengenezi umesimama. Niliketi. Na ukishaketi sakafuni, chai inakufuata huko huko. Nilikunywa vikombe viwili. Nilitoboa ukuta, nikabadilisha kiungo, nikapiga plasta, nikapaka na rangi.

Niliporudi kufunga bei Mwalimu alikuwa na karatasi mezani. Kaniandikia kama mwanafunzi: bei ya kwanza, toa koki, toa tangi, toa ukuta. "Koki inavuja, Fundi?" Haivuji. "Tangi?" Halivuji. "Ukuta una unyevu?" Hauna. "Basi kilichotolewa kinarudi. Hesabu ya darasa la nne." Kisha akaongeza cha juu, kwa sababu, anasema, nyumba isiyovuja hata tone hakuna nyingine mtaa huu.

Hesabu yake ni sahihi, shangazi. Nimeipiga na mimi nyumbani.

Tangu hapo nakwenda kila Jumamosi kumbembeleza. Hakatai, hakubali. Anasema njoo wiki ijayo. Na kila nikienda kuna kitu kidogo kimelegea.

Nipige tu.

Fundi.


Tarehe 11 Julai

Fundi,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Ya kwanza nilikasirika nikaikunja. Ya pili nikatukana, nisamehe, nilitukana hadi kizazi kilichobuni mabomba. Ya tatu nikacheka peke yangu hadi watoto wakaja kunitazama. Nimetafuta duniani mtu wa kuniharibia biashara kwa kutengeneza, nimempata kwetu. Mwenzio anaiba nyumba anavunja, wewe umenipokonya kwa kuziba!

Mwandiko ukiuona umeyumba usijali, ni meza. Nimekunja karatasi nimeweka chini ya mguu wake lakini bado inacheza.

Sasa basi. Usibebe spana ukienda huko. Begi liache nyumbani, mifuko itoe nje kabisa. Muulize neno moja tu ukiwa umesimama: mama, unauza au huuzi? Halafu nyamaza. Kwenye kupatana bei anayeongea baada ya swali ndiye anayelipa.

Nataka jibu kabla ya mwisho wa Agosti. Usiniulize kwa nini Agosti.

Sikuchukii. Ningekuwa karibu ningekufinya tu.

Shangazi.


Tarehe 19 Septemba

Shangazi,

Sina salamu leo. Shikamoo, basi, kwa sababu mdomo umeshazoea. Nyumbani wazima.

Nilikuandikia katikati ya Agosti. Barua imerudi. Imepigwa muhuri "Hayupo" juu ya jina lako. Niliishika pale kaunta ya posta hadi karani akaniuliza kama nimefiwa.

Nikapiga ile simu ya misiba. Aliyepokea ni mwenzako wa pasi, yule mnayemwita Mnene. Kwanza akapiga yowe, kisha akanieleza yote. Kwamba jina lako lilikuwa la pili kwenye ile karatasi. Kwamba umetoka kazini tangu mwisho wa Juni, na chumba amepewa mwingine. Kwamba karani wa hospitali alikuwa anakuwekea barua zangu ili nisijue, na alipokwenda likizo aliyemshikia nafasi akairudisha hii. Kwamba unalala jikoni kwa Mnene, ulimwahidi hadi Agosti tu, na asubuhi unakunja godoro kabla watoto wake hawajaamka kunywa uji. Kwamba magoti yako yamekwisha, ulikuwa unapanda zile ghorofa tatu kwa mikono.

Meza inacheza! Meza yako ilikuwa imepigiliwa ukutani, uliniambia mwenyewe, na mimi bwege nikasoma nikapita. Nimelia, na nimekukasirikia. Mficha maradhi kifo humuumbua, nani alinifundisha hiyo? Miezi yote hii unaniambia angalia ngazi, angalia ngazi, na hukuweza kuandika neno moja, magoti? Ningekuwa nimejua ningeiacha ile koki idondoshe hadi iwe bahari.

Siku ile ile nikaenda kwa Mwalimu. Ile kanuni yako kubwa nimeivunja, sikukuomba ruhusa. Nilimwambia ni shangazi yangu ananunua. Nilimwambia magoti, nikamwambia jikoni kwa Mnene, nikamwambia na godoro. Kisha nikamuuliza ulivyonituma: unauza au huuzi? Nikanyamaza.

Alinyamaza na yeye, muda mrefu. Ni mwalimu, kunyamaza anatuweza. Mwishowe akasema, "Siuzi, Fundi. Sikuwa nauza hata siku moja."

Watoto wake ndio wanaouza. Wanataka ahamie kwa mmoja wao, kwenye chumba ambacho sasa ni stoo. Hawezi kuwakatalia usoni, kwa hiyo kila mnunuzi akija anapandisha bei hadi mtu achoke. Wengine walichoka siku ya kwanza. Mimi tu ndiye niliyekuwa narudi, na alichonipunguzia alijua atakirudisha mbele ya safari. Akaniambia zile koki za mwisho mwisho alikuwa anazilegeza mwenyewe Ijumaa jioni, ili Jumamosi niwe na sababu ya kukaa.

Nilitaka kumfokea. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini alikuwa ameshika kikombe changu, kile ninachonywea siku zote, anakizungusha tu mkononi. Nimeondoka bila kuaga.

Huyo uliyemtuma kununua ndiye mimi. Miezi saba, na sina hata mlango wa kukuonyesha. Njoo kwangu. Mke wangu ameshatoa vitu kwenye kile chumba cha nyuma.

Fundi.


Tarehe 4 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yananiuma, ndiyo. Haya, nimeandika, umefurahi?

Mnene nimemsema, lakini si sana, jiko ni lake.

Kwako sitakuja kukaa. Nitakuja kukutembelea, nitakula, nitamharibu mtoto kwa sukari, kisha nitataka kwenda kwangu. Nimeishi kwenye chumba cha watu miaka ishirini na sita. Cha kwako kingekuwa kizuri kuliko vyote, na kingekuwa cha watu vile vile. Usiudhike.

Kuhusu Mwalimu. Nilipofika kwenye "siuzi" nilisubiri hasira ije, haikuja. Nitakwambia jambo. Siku waliyonitaka nirudishe ufunguo wa chumba, niliuficha kwenye kiatu. Siku mbili nimetembea na ufunguo chini ya kisigino, nikiulizwa nasema nimeupoteza. Hadi mlinzi akaniona nachechemea vibaya kuliko kawaida akanivua kiatu, kwa upole, kama mtoto. Kwa hiyo mwache mwenzangu akae kwake. Na wewe rudi ukamuage, ulilelewa.

Sasa nenda kwa mwenye bucha, kama hajauza. Zile ngazi tatu nitazipanda kwa makalio, nani atanitazama? Mtaa utazoea. Ila safari hii, Fundi, kwa jina la baba yako, usitengeneze kitu.

Shangazi.


Tarehe 2 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima, mtoto ana meno manne na mawili ya chini yanachungulia. Nyumba imepatikana. Ngoja nikusimulie vizuri.

Mwenye bucha hajauza. Nilikwenda saa tatu asubuhi, mikono mitupu, mifuko nimeigeuza nje. Akanipa kiti. Nikasema nimekaa sana leo. Akaleta chai, ya tangawizi, shangazi, ina moshi. Nikasema nimetoka kunywa. Akanionyesha bati, nikatazama kama naonyeshwa soksi. Akasema kuna mteja mwingine yuko njiani anakuja. Nikasema basi tumsubiri, nipo.

Kisha tukaingia bafuni, na hapo ndipo nilipoijua jehanamu. Koki ya ukutani inatiririka, si kudondosha, kutiririka, na najua ni washa tu, ya bei ya pipi. Nilifunga mikono nyuma nikajishika vidole. Akaniuliza, "Mbona unatoka jasho?" Nikasema bafu halina hewa. Akapunguza kwa ajili ya hewa! Tulibishana hadi adhuhuri, akaondoka mara mbili, nikaondoka mara moja, akaniita nikiwa getini. Tumeshuka chini ya pesa yako, kidogo kimebaki kwa ajili ya kitanda. Mke wangu na jirani ni mashahidi, karatasi zimesainiwa, nakala iko ndani ya bahasha hii.

Wino haujakauka nikakimbilia nyumbani kuchukua spana. Koki haivuji tena.

Halafu ngazi. Nilichukua nyundo nikazivunja, zote tatu, siku hiyo hiyo. Sikukuuliza. Nikawa nataka kumwaga zege la mteremko mfupi, hatua tatu hivi, niishie hapo. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Huo ni wa kushushia magunia."

Alikuwa Mwalimu. Nilikuwa nimekwenda kumuaga ulivyosema, nikamweleza na ile habari ya kiatu chako, naye alitazama tu dirishani. Sasa amekuja kwa miguu, ana fimbo na kipande cha chaki. Nikampa kiti, akakataa. Akapima kimo cha kizingiti kutoka chini, pale ngazi zilipokuwa, kwa shibiri, mbili kamili. Akasema kwa goti bovu kila shibiri moja ya kwenda juu inataka shibiri kumi na mbili za kwenda mbele. Akachora mstari kwa chaki kutoka mlangoni, akihesabu kwa sauti, ameinama hivyo hivyo na mgongo wake, shibiri ishirini na nne, hadi karibu na geti. Nikamwambia mama, huo ni mrefu mno, utakula ua wote. Akasema, "Ua haupandi ngazi. Mwaga zege."

Nimemwaga. Limekauka wiki nzima. Nimeweka na bomba la kushikilia pembeni, refu kama mteremko wenyewe, nimelisugua lisikukwaruze.

Mwalimu amewaandikia wanawe kwamba hauzi. Kanisomea barua yenyewe, mistari miwili. Na ile rangi nyekundu ukutani kwake nimeifuta mimi, hiyo ndiyo kazi ya mwisho niliyomfanyia bure. Anauliza utakuja lini, na kama unapenda sukari nyingi.

Ufunguo ninao. Uko mmoja tu, sijachonga mwingine. Hakuna mtu mwingine wa kuwa nao.

Fundi wako.


Tarehe 17 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimesomewa na Mnene, maana macho yangu yalikuwa yanavuja na huku hakuna fundi.

Nafika tarehe nne Desemba, basi la asubuhi. Mzigo ni sanduku moja na hilo godoro, Mnene amekataa nimwachie. Usije na watu wala maua. Njoo na mkono, nitaushika kuteremka.

Mwambie Mwalimu vijiko viwili, vilivyojaa.

Ile kanuni ya uchovu naifuta leo, kwa sababu sina muuzaji tena wa kumficha. Miaka ishirini na sita nimekuandikia kwamba sijambo, na nilikuwa nasema kweli nusu. Nimechoka, mwanangu. Nimechoka miguu, nimechoka mgongo, nimechoka kuwa mtu wa kukunja godoro kabla watu hawajaamka. Nilikuwa naogopa kulisema, nikidhani nikilisema nitaanguka pale pale. Nimelisema na bado niko wima.

Kwa hiyo nikifika usinionyeshe bati, wala jiko, wala hiyo koki. Nitaviona kesho yake. Niwekee kiti juu ya mteremko, pale mlangoni. Nataka kuketi.

Shangazi yako.